Chokaa Begani

Bega langu la kulia limepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja wao mpaka leo anaamini ndiye aliyeliponya. Kijana wa duka la dawa pale njia panda anasema ni vidonge vyake. Bibi anayechua watu, jirani na msikiti, anasema ni mikono yake na mafuta ya karafuu. Shangazi yangu wa Pangani anasema nilipona kwa sababu nilimsikiliza nikaacha dagaa na maziwa. (Sikuacha, wala sijamwambia.) Daktari, ambaye ndiye peke yake aliyejua ninaumwa nini, ndiye pia peke yake ambaye hakudai kitu. Mimi ni mwalimu wa Kemia hapa Tanga. Kila mwaka nawaambia watoto wa Kidato cha Kwanza kwamba jambo likifuatia jingine si lazima liwe limezaliwa nalo, kwa hiyo kesi hii ya bega imenikaa kichwani hata baada ya maumivu kwisha.

Ugonjwa haukuingia kwa kishindo. Kwa muda mrefu, pengine zaidi ya mwaka, kila nikiinua mkono kuandika juu ya ubao nilikuwa nasikia kukwama: mkono ukifika usawa wa bega unachoma, ukishavuka hapo unaendelea salama. Usiku nikilalia upande ule naamka. Nikazoea kuandika kuanzia katikati ya ubao kwenda chini, wanafunzi wa viti vya nyuma wakawa wanasimama ili waone. Walimu wenzangu walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema ni umri, nami nilikuwa na miaka 44. Mwingine akasema nimelalia vibaya. Wengi walisema ni gesi. Huku kwetu gesi imebebeshwa kesi nyingi sana. Kifua kikibana ni gesi, mgongo ukiuma ni gesi, na sasa ilikuwa imepanda mpaka begani.

Halafu ukaja usiku mmoja wa Machi, joto la Tanga likiwa halina huruma. Nililala salama, nikaamka saa nane nikidhani nimevunjika. Sikuwa nimeanguka wala kubeba kitu. Nimezaa watoto watatu, kwa hiyo kipimo cha maumivu ninacho, na haya yalikuwa ya daraja hilo. Tofauti ni kwamba uchungu wa uzazi huja ukaondoka, ukakuachia nafasi ya kuvuta pumzi, huu haukuondoka. Kukohoa kuliuma. Nilikaa uani kwenye kiti cha plastiki, mkono nimeukumbatia tumboni na kuufunga kwa khanga, mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi blauzi haikuvulika. Binti yangu aliikata kwa mkasi kuanzia shingoni hadi kwenye kiwiko, na ilikuwa blauzi nzuri.

Wa kwanza kupatikana alikuwa kijana wa duka la dawa, na simlaumu kwa lolote. Kabla ya kunipa diklofenaki aliniuliza kama nina vidonda vya tumbo, kama nina presha, kama figo zangu ni nzima. Wengi hawaulizi. Dawa za ukoo huo, pamoja na ibuprofeni, hutuliza maumivu na uvimbe kweli, lakini mtu akizimeza wiki baada ya wiki bila kuangaliwa humtoboa tumbo, humchosha figo na kumpandisha presha. Mimi nilipata nafuu ya kuweza kukaa. Kulala, hapana.

Mchana nikapelekwa kwa bibi. Nilitegemea vita, maana nimewahi kuona watu wakichuliwa huku wameshikwa na wanaume wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Fungua hiyo khanga nione."

Hakunigusa kwa nguvu. Aliweka kiganja juu ya bega, akakiacha hapo kitambo huku akiangalia pembeni, kisha akakihamishia bega la kushoto, kisha akakirudisha.

"Hapa pana moto," akasema. "Mimi sichui moto. Nenda ukapoe kwanza, ndipo uje."

"Nitapoa lini, bibi?"

"Utapoa. Huu haukai."

Hakutaka hata pesa ya soda. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo, lakini nikiangalia nyuma naona huyo mama alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko zahanati niliyopitia siku iliyofuata, ambako niliandikiwa baridi yabisi bila hata kufunguliwa khanga. Nikapewa vidonge vilevile vya yule kijana, kwa bei kubwa zaidi.

Hatimaye nikafika kwa daktari wa mifupa, dada mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye macho ya mtu aliyekesha zamu. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza: umeanguka? Una homa? Vidole vinakufa ganzi? Una kisukari? Tezi ya shingo imewahi kukusumbua? Kisha akanituma eksirei. Picha iliporudi alinisogezea kiti mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mwalimu, hebu ona hapa."

Juu ya kichwa cha mfupa wa mkono, mahali ambapo pangepaswa kuwa peusi tupu, palikuwa na doa jeupe, urefu wake kama sentimita 1.5. Upande mmoja kingo zake zilikuwa zimekatika vizuri. Upande wa pili zilikuwa zimefifia, huwezi kusema doa linaishia wapi.

"Hiyo ni kalsiamu," akasema. "Imejikusanya ndani ya kano. Na hapa zilipofifia kingo, mwili wako umeshaanza kuila. Inakuuma hivi kwa sababu inaondoka."

Nilimwomba aseme tena.

Bega ni kiungo cha ajabu. Mfupa wa mkono una kichwa cha mviringo, na kombe la bega lina kisahani kidogo tu cha kukipokea, ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana pia bega huteguka upesi kuliko nyonga. Kinachokishikilia kichwa hicho mahali pake ni misuli minne inayotoka kwenye kombe na kukishika kwa kano zake. Wa juu unaitwa supraspinatasi. Kano yake inapita kwenye uwazi mwembamba, chini ya ncha ya kombe la bega, na juu yake umelala mfuko mdogo wa majimaji unaozuia kano isisuguane na mfupa. Chokaa hii hupenda kukaa kwenye kano hiyo kuliko nyingine zote. Mkono ukiinuka usawa wa bega, kano iliyonenepa inabanwa chini ya mfupa. Hapo ndipo mimi nilipokuwa nachomwa nikiandika ubaoni.

Kemia yake inaniridhisha hata nikiwa mgonjwa. Chokaa yenyewe ni fuwele za haidroksiapataiti, Ca10(PO4)6(OH)2, madini yaleyale yanayojenga mifupa na meno. Nimeiandika fomyula hiyo ubaoni mara nyingi, kwa mkono uleule.

Watu huuliza imetoka wapi. Shangazi alikuwa na jibu tayari kwenye simu: nimekunywa maziwa mengi, nimekula dagaa wengi, kalsiamu imezidi ikatafuta pa kukaa. Jibu hilo lina mantiki nzuri na si la kweli. Kiasi cha kalsiamu kwenye damu kinadhibitiwa kwa ukali na homoni, na wagonjwa wa bega la namna hii wakipimwa damu kwa kawaida kalsiamu yao iko sawa. Tatizo liko ndani ya kano yenyewe. Sehemu ya kano, kwa sababu ambazo bado wataalamu wanabishana, inabadilika tabia na kufanana na gegedu, kisha seli zake zinaanza kuweka fuwele. Ugonjwa huwapata zaidi watu wa miaka 30 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari au matatizo ya tezi ya shingo wanaonekana kuwa nao zaidi. Mwanamke wa umri wangu akiacha dagaa na maziwa kwa kuogopa bega, bega halitapata faida yoyote, na mifupa yake itadai baadaye. Kwangu dagaa walibaki mezani.

Aliyeupanga mwendo wa ugonjwa huu kwa hatua ni Hans Uhthoff, daktari wa mifupa wa Ottawa, Kanada. Kwanza kano inabadilika, kimya. Kisha fuwele zinajikusanya na kuwa kitu kikavu cha chakichaki. Kisha kinatulia, miezi au hata miaka, na katika kipindi hicho mtu anaweza asijue lolote au akasikia kukwama tu kama mimi. Halafu, bila taarifa, mwili unaamka. Mishipa midogo ya damu inaota kuzunguka doa, seli za kinga zinakuja kulila, na chokaa kavu inalainika mpaka inakuwa nzito na nyeupe kama dawa ya meno. Presha inapanda ndani ya kano isiyo na nafasi ya kutanuka. Wakati mwingine chokaa inapasua na kumwagikia kwenye ule mfuko wa majimaji, na mfuko unawaka moto. Huo ndio moto alioukuta bibi kwa kiganja chake. Baada ya hapo kano hujijenga upya.

Maana yake ni kwamba siku mbaya kuliko zote, kwa wengi wetu, ni siku za mwisho mwisho. Mgonjwa hakimbii kutafuta tiba wakati chokaa imelala. Anakimbia wakati inaondoka. Kwa hiyo chochote atakachopewa siku hiyo, kiwe kidonge, sindano, mafuta, kikombe cha mitishamba au kuumikwa chuku, kitafuatiwa na nafuu katika siku au wiki chache. Anayepata sifa ni yule uliyekuwa kwake moto ulipozima. Sidhani kama nimewahi kuona ugonjwa unaotengeneza mashahidi wengi wa uongo namna hii, tena mashahidi wakweli wa nafsi zao, wanaoapa kwa Mungu na hawadanganyi.

Katika kusoma nilikutana na mtu ambaye angependezwa na malalamiko yangu. Ernest Amory Codman alikuwa daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, na mwaka 1934 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu bega ambacho mabingwa wanakitaja hadi leo. Ni miongoni mwa walioonyesha kwamba chokaa inazaliwa ndani ya kano, si kwenye mfuko wa majimaji kama ilivyodhaniwa. Lakini kabla ya hapo alikuwa amejulikana, na kuchukiwa, kwa jambo jingine. Alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa baada ya kutoka, ione kama tiba ilimfaa kweli, na kama haikumfaa ijiulize kwa nini. Wakubwa hawakulipenda wazo hilo. Mwaka 1914 alijiuzulu Massachusetts General Hospital. Kwenye hospitali yake ndogo aliyoianzisha mwenyewe alitangaza hadharani kwamba kati ya wagonjwa 337 walioruhusiwa kuanzia 1911 hadi 1916 aliona makosa 123. Nani kati yetu, mwalimu au daktari, angechapisha hesabu hiyo? Alifariki mwaka 1940 bila ya kutajirika.

Mwaka mmoja baadaye mwenzake mwingine wa Marekani, Bosworth, alitoa matokeo ya kuwapima wafanyakazi wa ofisini 6,061, mabega yao yote mawili. Asilimia 2.7 walikutwa na chokaa, na wengi wao haikuwa ikiwasumbua. Nikiwahesabu walimu na wafanyakazi wa shule yetu kwa uwiano huo, kuna mwenzangu mwingine ana doa begani sasa hivi na anakula chapati zake kwa raha.

Sasa tiba. Daktari alinichoma sindano ya stiroidi iliyochanganywa na ganzi, kwenye mfuko wa majimaji, sio kwenye kano. Usiku ule nililala. Nitamshukuru kwa usingizi ule maisha yangu yote, ingawa yeye mwenyewe alinionya kwamba sindano inazima moto tu, haiyeyushi chokaa, na kwamba hapendi kuirudiarudia. Mwenye kisukari aambiwe mapema kuwa sukari itapanda kwa siku kadhaa. Barafu iliyofungwa kwenye taulo ilisaidia pia. Khanga ya kufungia mkono aliniruhusu kwa siku chache tu. Bega likiachwa bila kusogezwa linaganda, na bega lililoganda ni ugonjwa mwingine wenye ukaidi wake.

Kisha mazoezi. La kwanza linaitwa kwa jina la yule yule Codman: unainama, mkono mzima umeegemea meza, mkono mgonjwa unaning'inia, unauacha ubembee mbele na nyuma, halafu uzunguke duara dogo, kwa uzito wake wenyewe. Nililifanya kwenye chumba cha walimu saa ya chai, wenzangu wakauliza nimedondosha nini. Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia alinipa mpira wa kuvuta ili kuirudishia misuli nguvu. Bibi naye nilimrudia moto ulipopoa, maana aliniahidi, na mikono yake ililegeza shingo na mgongo vilivyokuwa vimekakamaa kwa kuulinda mkono. Hilo sitamnyima.

Kwa wale ambao chokaa yao inagoma kuondoka na maumivu yakadumu, zipo njia nyingine. Mawimbi ya mshtuko, teknolojia iliyoanza kutumika kwa mgonjwa wa mawe ya figo huko Munich, Ujerumani, mwaka 1980, sasa huelekezwa begani pia, na tafiti kadhaa zinaonyesha yanawasaidia baadhi ya watu. Wapo madaktari wanaoingiza sindano kwa kuongozwa na ultrasaundi, wakaiosha chokaa kwa maji ya chumvi na kuivuta nje. Ukiona kwenye bomba la sindano yanavyorudi meupe, unaamini kabisa. Na upasuaji wa kutumia kamera kupitia matundu madogo upo kwa wachache walioshindikana kwa yote.

Lakini kuhusu kuosha, watafiti wa Norway na Sweden walifanya jambo ambalo Codman angelipigia makofi. Walichukua wagonjwa 220 waliokuwa wameumwa kwa miezi 3 au zaidi, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilioshwa kweli na kuchomwa stiroidi. La pili liliigiziwa kuoshwa, likapata stiroidi. La tatu liliigiziwa tu, likapata ganzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Wiki za mwanzo waliopata stiroidi walikuwa na nafuu zaidi. Ilipofika miezi 4 makundi yote matatu yalikuwa yamelingana. Niliposoma hapo niliiweka simu chini nikamkumbuka shangazi na dagaa wake. Hata maji meupe ndani ya bomba, ushahidi unaouona kwa macho yako, unaweza kuwa unachukua sifa ya kazi inayofanywa na muda.

Sitaki mtu asome hapa kwamba daktari hana kazi. Kabla ya picha nilikuwa na maumivu yasiyo na jina, na maumivu yasiyo na jina humfanya mtu akubali chochote, hata chale. Baada ya picha nilijua siku za moto zitakwisha, nilijua nisikate maziwa, nilijua lini nitulize mkono na lini niuchezeshe. Nilimuuliza yule dada, niliporudi baada ya miezi kadhaa na doa likiwa limebaki ukungu mdogo, kwamba basi hasa kilichoniponya ni nini. Alikuwa anaandika. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwili wako, mwalimu. Mimi nilihakikisha tu si kitu kingine."

Hicho "kitu kingine" ndicho ninachotaka msomaji akichukulie kwa uzito. Bega likivimba na kuwa jekundu pamoja na homa, kiungo kinaweza kuwa kimeingia usaha. Ukianguka kisha mkono ukakataa kuinuka, kano inaweza kuwa imekatika. Maumivu ya bega, hasa la kushoto, yakija pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kuwa fupi, huo unaweza kuwa moyo. Hayo hayasubiri kupoa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ni bega tu linalochoma ukiinua mkono au kukukesha usiku, usikubali kuandikiwa ugonjwa na mtu ambaye hajakufungua nguo akalishika. Omba eksirei ya kawaida. Chokaa ikiwapo, kwa kawaida huonekana.